Tabaka la Kumi na Mbili

Kila Ijumaa, kengele ya kutoka ikishalia, wenzangu walikimbilia nyumbani na mimi nilibaki kwenye ngazi za ofisi ya walimu, nikimngoja mama yangu. Siyo kwamba alikuwa anakuja. Mama alikuwa baharini, mbali kabisa na kijiji chetu cha Myamba huku milimani, ndani ya meli ya utafiti. Kilichokuja ni sauti yake, dakika tatu au nne, kwenye simu ya Mwalimu Hamdani.

Mwalimu Hamdani alitufundisha Sayansi darasa la sita. Simu ya bibi yangu ilikuwa kitochi. Ilijua kupiga, kupokea na kumulika njia, basi. Kwa hiyo Mama alimtumia mwalimu ujumbe wa sauti, na mwalimu alinikabidhi simu huku akinitazama kwa jicho la kuniambia nisiguse kitu kingine. Halafu alijifanya anasahihisha madaftari ili nisikilize kwa nafasi.

"Justa mwanangu, hujambo? Mimi huku sijambo, ila samaki nimewachoka." Mama alianza hivyo kila wiki. Nyuma ya sauti yake ilisikika mashine ikinguruma, na mara nyingine watu wakiongea lugha nisiyoijua.

Alikuwa fundi wa maabara. Meli yao ilishusha bomba refu hadi chini kabisa ya bahari, likazama ndani ya tope, kisha likavutwa juu likiwa limejaa. Kazi ya Mama ilikuwa kulipasua bomba kwa urefu, kusafisha uso wa tope na kulipiga picha tabaka kwa tabaka. Tope la juu ni la juzijuzi, alinieleza, na kadiri unavyoshuka ndivyo linavyozidi kuwa la zamani, hadi unafika miaka ambayo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani.

Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi saba tangu aondoke. Nilikuwa nahesabu. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Bibi Nakijwa, mama yake Mama. Bibi aliniambia niache kuhesabu maana nitakonda, lakini hata yeye nilimkuta mara mbili amesimama mbele ya kalenda ya kanisa, akitembeza kidole.

Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimeanza kumsahau. Sauti yake nilikuwa nayo kila Ijumaa. Lakini nikifumba macho nikajaribu kuiona mikono yake, haikuja. Nilijua ilinisuka nywele, ilinimenyea magimbi, ilinifunga vifungo vya sweta. Nilijua tu, kama unavyojua kitu ulichoambiwa na mtu mwingine. Sikumwambia Bibi jambo hilo, kwa kuwa nililionea aibu.

Julai, shule zilipofunguliwa, Mwalimu Hamdani alitutangazia maonyesho ya sayansi. Washindi wa kata wangekwenda Same mjini, na washindi wa wilaya wangepelekwa Dar es Salaam wiki ya mwisho ya Agosti. Darasa zima lilipiga kelele. Mimi nilifurahi kiasi, kama watu wote.

Ijumaa ile ile Mama akasema kwenye simu: "Tutaingia bandari ya Dar wiki ya mwisho ya Agosti, kupakia chakula na mafuta. Siku nne tu. Hatuna ruhusa ya kutoka nje ya jiji. Laiti ungekuwa Dar, mwanangu, ningekuona."

Nilisikiliza mara tatu. Bibi na goti lake asingeweza kunipeleka, na peke yangu nisingeruhusiwa; njia ilikuwa maonyesho tu. Mwalimu aliponiomba simu yake nilimrudishia. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba Bibi alinipakulia makande, na makande yakapoa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimeshashinda, nimeshapanda basi, nimeshafika getini bandarini, na mwanamke anakuja kwangu anakimbia.

Mwenzangu kwenye kazi ya maonyesho alikuwa Ikupa. Baba yake, muuguzi wa zahanati yetu, alihamishwa kutoka Mbeya, na Ikupa alikuja na maneno ya Mbeya yote. Redio inazimwa, yeye hazimwi. Lakini akili alikuwa nazo. Nilipomweleza wazo langu, alikunja uso.

"Tusome tope la ndiva?" akauliza.

"Kama Mama anavyosoma la bahari."

"Haya. Lakini wewe ndiye utakayeingia kwenye tope. Mimi nitaandika."

Ndiva ni bwawa la kienyeji ambalo babu zetu walilijenga ubavuni mwa mlima, kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya kijito hujaa humo usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya tangawizi na mahindi. Ndiva yetu inaitwa Mhero. Tope likizidi, baragumu hupigwa, na kila nyumba hutoa mtu wa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Watu huchota tope lote isipokuwa kwenye kona ya nyuma, maana hapo mtu huzama hadi kiunoni. Tope la kona hiyo halijaguswa na jembe tangu zamani, na ndilo tulilolitaka.

Tulikwenda kumwomba ruhusa Mzee Athumani, msimamizi wa ndiva.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnataka zamu ya maji?"

"Hapana, babu. Tunaomba tope."

Alitutazama mmoja mmoja. "Miaka thelathini nagawa maji hapa, watu wanataka kupigana mbele yangu kwa ajili ya maji. Tope hajaniomba mtu. Chukueni, na mkipenda chukueni na vyura."

Nilizama hadi kiunoni, kweli. Mwalimu Hamdani alikunja suruali akaligonga bomba la plastiki kwa nyundo mpaka likagota, tukaliziba juu, tukalivuta sote watatu, na lilipochomoka Ikupa aliangukia mgongo kwenye matope na daftari lake. Tulilipeleka kwenye ghala la Bibi, na mwalimu akalipasua kwa msumeno wa chuma.

Nilipoona ndani, nilielewa kwa nini Mama alikwenda mbali vile. Tope lilikuwa limejipanga, jekundu, jeusi, jekundu, jeusi. Masika yakija kwa nguvu hushusha udongo mwekundu wa mlimani. Kiangazi maji yakitulia, majani yaliyooza na tope laini jeusi hutua juu yake. Jekundu moja na jeusi moja, huo ni mwaka mmoja. Mvua za vuli ziliacha ukoko mwembamba tu ambao hatukuuhesabu. Na chini kabisa palikuwa na mstari wa makaa.

"Hayo ni ya moto uliounguza msitu wa juu," Bibi alisema alipochungulia. "Miaka ishirini sasa. Mama yako alikuwa amemaliza darasa la saba." Kisha akarudi kwenye sufuria yake jikoni.

Mwalimu aliondoka akatuachia kazi ya kuhesabu. Kuanzia juu hadi kwenye makaa tulitegemea kukuta matabaka ishirini. Tukapata kumi na sita.

Tulihesabu tena. Kumi na sita. Tukabadilishana, Ikupa akahesabu kutoka chini na mimi kutoka juu. Kumi na moja ya juu yalikuwa safi. Baada ya hapo palikuwa na mstari wa mchanga wa chembe kubwa na vijiwe vidogo, vingine kama punje za mahindi. Chini ya vijiwe matabaka yakaendelea matano, halafu makaa. Miaka minne ilikuwa haipo.

"Labda mlima ulisahau," Ikupa alisema.

Sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukihesabu masika ya mwaka huu kuwa tabaka la kwanza, mwaka niliozaliwa mimi ni tabaka la kumi na mbili. Nilikuwa nimemwahidi Mama kumtumia picha ya tabaka hilo. Nami niliamini kabisa kwamba majaji wa Same hawawezi kumpeleka Dar mtu ambaye kazi yake ina tundu katikati.

"Tumuulize mwalimu kesho," Ikupa alisema akijifuta matope. "Au bibi yako. Ameishi hapa miaka yote."

"Kesho," nikamjibu.

Akaenda zake. Jua lilikuwa bado juu, kuku wa Bibi walikuwa wanachakura nje, na mimi nilichukua kisu cha kumenyea viazi. Nilitenganisha tope pale penye vijiwe, nikalisogeza la chini taratibu kwa kibao. Nilichota udongo mwekundu kwenye kingo za barabara na tope jeusi bondeni kwenye magimbi. Nikapanga jekundu, jeusi, mpaka yakatimia manne, nikayasawazisha kwa kidole kilicholowa maji. Vile vijiwe nilivitoa kimoja kimoja nikavitupa nje dirishani. Nilipomaliza, hata mimi mwenyewe nisingejua pa kuangalia.

Asubuhi nilimwambia Ikupa kwamba tulihesabu vibaya.

"Tulihesabu mara tatu," alisema.

"Basi tulikosea mara tatu."

Akachukua kalamu, akaandika ishirini.

Kila kitu kikaenda vizuri mno. Mwalimu Hamdani alifurahi, akalipiga bomba picha na kumtumia Mama. Kwenye maonyesho ya kata tulikuwa wa kwanza. Mwalimu mkuu alitusimamisha mstarini watu wakatupigia makofi, na mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Niliwaza Dar. Kila nilipoanza kuona vibaya, niliwaza Dar, na ubaya ule ukarudi nyuma kidogo.

Ijumaa kabla ya safari ya Same, ujumbe wa Mama ulikuwa mrefu kuliko kawaida.

"Justa, jana tumevuta bomba ambalo limewanyamazisha wakubwa wote humu melini. Mahali fulani tope ni la miaka milioni tano iliyopita. Unashuka upana wa kidole, unakuta tope la miaka milioni thelathini. Katikati hakuna kitu! Tunajua kwa vigamba vidogo vya viumbe vilivyomo, maana kila zama ina vigamba vyake. Unajua nani kachukua hiyo miaka? Mkondo. Watu wanadhani bahari chini imetulia. Haijatulia. Maji ya baridi kali huzama kule karibu na ncha ya kusini ya dunia, yakatambaa sakafuni mwa bahari, na yakipita mahali pembamba hukimbia, yakasomba tope lililokwishatua, na jipya yakalizuia lisitue. Yanaweza kufanya hivyo mamilioni ya miaka. Mkuu wetu amesimama pale, mtu mzima ana mvi, akachora mstari wa mawimbi kwenye karatasi akaandika, 'Hapa pana pengo.' Nikamuuliza kama amesikitika. Akasema hapana, sasa tunajua kwamba mkondo ulipita hapa. Pengo lenyewe ndilo limemwambia."

Halafu akasema ananipenda, na mashine ikanguruma, ikaisha.

"Kuna nini?" Mwalimu Hamdani aliuliza.

"Hakuna kitu, mwalimu."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika hadi mdomoni. Lakini Dar ilikuwa karibu mno, siku chache tu, na nilijiambia kwamba nikishamwona Mama nitamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, na atanisamehe. Uongo ukishauanza una namna ya kukupa ratiba yake, nami niliikubali.

Same mjini kuna joto na vumbi, na ukitoka kwetu juu unajisikia umevaa nguo nyingi mno. Ukumbi ulijaa meza. Majaji walipita mmoja mmoja, na mezani kwetu alifika Bi Tausi, mwanajiolojia kutoka Dodoma. Alikuwa mama mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Aliinama juu ya bomba letu akakaa hivyo muda mrefu.

"Mmefanya hivi wenyewe?"

Ikupa akamweleza yote: ndiva, msaragambo, masika na kiangazi, makaa ya moto. Aliongea vizuri sana. Bi Tausi alikuwa anatabasamu.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza mimi.

"Kumi na mmoja."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu kutoka juu, bila kugusa tope, na kalamu ikasimama. "Basi mwaka wako ni huu hapa. Hebu niambie, mvua ya mwaka uliozaliwa ilikuwaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelikariri njia nzima kutoka Myamba: mvua zilikuwa za kawaida. Nikaitazama ile kalamu. Ilikuwa inauonyesha udongo wa kingo za barabara. Huo ndio mwaka niliozaliwa, nilioutengeneza mwenyewe kwa kisu cha viazi, na nilikuwa nakwenda kumwonyesha mama yangu.

"Sijui," nikasema. "Hilo tabaka ni la uongo. Nimeliweka mimi. Manne yote. Ikupa hakujua. Tulikuta kumi na sita na mimi nikaongeza."

Ikupa aligeuka akanitazama, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mwalimu Hamdani, aliyekuwa nyuma yetu, alivua kofia yake akaishika mkononi.

Bi Tausi alivua miwani. "Ahsante kwa kusema," akasema polepole. "Lakini kazi hii siwezi kuipa alama. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na ningeipa alama za juu kabisa ikiwa na kumi na sita. Hilo nalo ulielewe."

Walioshinda ni watoto wa shule moja ya kijiji cha Kisiwani, waliotengeneza chombo cha kupoza maziwa bila umeme. Niliwapigia makofi. Nilipiga kwa nguvu, maana nisingepiga ningelia.

Tulirudi kwa gari. Barabara ilipoanza kupanda mlima, Ikupa, akiwa bado ametazama nje, akasema, "Ungeniambia. Ningekukataza, lakini ungeniambia."

"Nisamehe."

"Sijui. Labda kesho."

Wiki ya mwisho ya Agosti ilifika. Mama alikuwa Dar es Salaam, kwenye nchi yetu, kwenye ardhi, na mimi nilikuwa Myamba. Kila jioni nilisimama ukingoni mwa kiwanja cha shule, mahali unapoona tambarare yote ya Maore chini. Sikuweza kuiona Dar, lakini niliitazama upande wake. Nilimkumbuka Mama hadi mwili ukaniuma, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa mwenye kile kisu.

Ijumaa, siku ya mwisho ya meli bandarini, Mwalimu Hamdani alimwita Bibi shuleni. Bibi alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili. "Leo siyo ujumbe," mwalimu alisema. "Leo mtaongea naye." Akabonyeza, simu ikaita, na Mama akasema "Haloo?" na nilipomjibu akajibu tena, palepale, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Nilimwambia yote bila kupumzika. Kisu, udongo wa barabarani, Same, kalamu ya Bi Tausi.

"Umenikasirikia?" nikauliza.

"Ngoja kwanza. Chini ya tabaka la kumi na moja, kabla hujaligusa, kulikuwa na nini?"

"Mchanga. Na vijiwe."

Nikasikia anavuta pumzi. "Justa, mwalimu aliponitumia ile picha, niliitazama siku nzima. Nikaona matabaka yamepangana vizuri, hakuna kilichotokea mwaka ule. Lakini mimi nakumbuka kilitokea kitu kikubwa. Nikajiuliza, kumbe nimekosea mwaka? Huku mbali mtu unaogopa kusahau, mwanangu. Nilidhani nimeanza kukusahau."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni wa majaji tu. Kumbe ulikuwa umesafiri hadi baharini ukamkuta mama yangu, ukamtia hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi.

"Mpe Bibi simu," alisema. "Yeye akuhadithie. Alikuwepo."

Bibi aliishika simu mbali na sikio, kwa mikono miwili, akaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili.

"Kwani hamkuniuliza? Nilikuwa jikoni tu! Masika ya mwaka ule ukuta wa Mhero ulipasuka alfajiri. Maji yalitoka yote, na tope la kona ile yakalikokota, yakateremka hadi Maore yakasomba mpunga wa watu. Pakabaki mchanga na vijiwe vya ukuta. Baragumu likapigwa. Nikamwambia huyu mama yako, wewe na tumbo hilo, kaa nyumbani. Akakataa! Kila nyumba inatoa mtu, akasema, na nyumba yetu mtu ni mimi, kwa sababu mume wangu yuko safarini na wewe, Mama, goti lako linauma. Akabeba mawe siku ya kwanza. Siku ya pili akabeba. Siku ya tatu, jiwe liko mikononi, akaniita. Akaliweka jiwe ukutani kwanza, ndipo akasema, Mama, wakati umefika. Wanawake tukamshika tukakimbia naye zahanati. Ulizaliwa ukuta haujafika nusu."

Kutoka kwenye simu Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Ndiyo maana tabaka lako halipo," akasema. "Lilikwenda na maji siku zile zile ulipokuja wewe."

Jumatatu Mwalimu Hamdani alilibeba bomba letu hadi mbele ya darasa. Nilikuwa nimemruhusu awaambie wenzangu, lakini niliogopa ataniaibisha. Aliliweka mezani akasema, "Justa ameniruhusu niwaambie. Alikuta kitu asichokielewa, akaogopa kitamkosesha ushindi, akakifunika. Alichokifunika ndicho kilikuwa jibu. Wanangu, mkikuta pengo kwenye kazi yenu, andikeni kwamba pana pengo, kisha mwende mkaulize. Anayejaza kwa kubuni anamdanganya jaji siku moja, lakini wanaomwamini anawadanganya kila siku watakayoitazama kazi ile. Na kusema kweli kumemgharimu safari aliyoitamani kuliko kitu chochote. Alisema hata hivyo. Mimi namheshimu kwa hilo."

Jioni ile nilitoa udongo wa uongo wote. Halafu nilipiga magoti nje ya dirisha la ghala, nikaanza kutafuta vijiwe kati ya mavi ya kuku na maganda ya maharage. Nilikuwa nimepata vitatu niliposikia hatua.

"Kile pale kwenye mguu wako," Ikupa alisema. Akapiga magoti na yeye. "Na usidhani nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu wewe macho huna."

Tulipata kumi na tisa. Alikuwa ameshaanza kuongea tena, na aliongea mpaka tukamaliza.

Mkataba wa Mama uliisha Desemba, wakati Wapare wa kila mahali wanaporudi milimani kwao. Alishuka kwenye gari amekonda, amekuwa mweusi kwa jua la baharini. Nilimkimbilia, na sitasimulia hapo, kwa kuwa kila mtu anajua. Kesho yake aliomba nimpeleke shuleni. Mwalimu alitufungulia darasa.

Bomba lilikuwa ukutani, limefunikwa kioo. Katikati palikuwa na vijiwe vyetu kumi na tisa, na kando yake mstari wa mawimbi, na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: "Matabaka ya kumi na mbili hadi ya kumi na tano hayapo. Ukuta wa ndiva ulipasuka. Watu walibeba mawe."

Mama alisoma taratibu. Akaomba kalamu. Akaongeza chini, kwa herufi zake ndogo zilizolala: "Mmoja wao alikuwa na Justa tumboni."

Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, hapo penye pengo, akakiacha. Vidole vyake vilikuwa vifupi, kucha zimekatwa sawasawa, na kovu dogo la kisu kwenye kidole gumba. Niliutazama mkono ule mpaka nikaujua wote.